UZI: Niliandika kila siku kwa miezi minane, sikumaliza hata hadithi moja. Hiki ndicho nilichobadilisha

Kalamu Bubu (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Uzi huu nimeuahidi muda mrefu, leo naushusha. Unamhusu mtu anayetaka kuandika hadithi za kubuni, azichapishe mwenyewe bila kumsubiri mchapishaji, na zimwingizie chochote mfukoni. Sijasema utajiri. Anayetafuta kutajirika ndani ya wiki sita apite tu, hapa hakuna chake.

Nianze na aibu yangu. Kuna mwaka nilijiapiza kuandika maneno elfu moja kila siku, na kweli niliandika. Nilibandika kalenda ukutani, kila usiku naweka vema kwa kalamu nyekundu. Nikaenda hivyo miezi minane. Siku nilipokaa kuhesabu nilichovuna nikakuta mafaili kumi na moja kwenye kompyuta. Hadithi kumi na moja zilizoanza, iliyoisha hakuna. Nyingine ilifika maneno elfu arobaini, nyingine sura mbili tu. Kila nilipofika pale katikati ambapo mhusika amekwama na mimi nimekwama naye, nilikuwa napata "wazo kali zaidi" na kufungua faili jipya. Kalenda imejaa vema, mkononi sina cha kuuza.

Mazoea nilikuwa nayo, tena imara. Ila yalikuwa mazoea ya kuanza.

Basi msimamo wangu ndio huo na sitauzungusha: kama unataka hela, zoea kumaliza. Msomaji hanunui maneno yako elfu moja ya leo, ananunua kitabu chenye mwisho.

Nilichobadilisha ni hiki. Nilishusha kiwango kutoka maneno 1,000 hadi 300. Elfu moja ni namba ya siku nzuri. Siku una homa, siku bosi kakubakisha, siku umegombana na mtu nyumbani, elfu moja haiandikiki, na ukishaikosa siku mbili ya tatu unaona haya hata kulifungua faili. Mia tatu inaandikika ukiwa na homa. Haitakuwa nzuri, lakini itakuwepo.

Halafu nikajiwekea sheria ya faili moja. Wazo jipya likija naliandikia mistari miwili kwenye daftari ninaloliita mahabusu. Linakaa humo hadi hadithi iliyo mezani iishe. Mengi nikija kuyatoa nayakuta yamejifia yenyewe, ndipo najua hayakuwa makali kama nilivyodhani.

Na vema siku hizi siiweki kwa maneno, naiweka kwa tukio. Mtu anataka kitu, kuna kinachomzuia, anakipata au anakikosa, hapo tukio limefungwa. Mia tatu ndiyo tiketi ya kukaa kwenye kiti. Vema inakuja tukio likifungwa, hata kama limechukua siku nne.

Maswali leteni, nipo.

MsomajiTu

Mkuu umemwaga madini. Swali langu: natoka kazini nimechoka kama gunia lililoburuzwa. Hayo maneno mia tatu nayaandika saa ngapi? Na je, ni kweli siku 21 zinatosha kitu kuwa mazoea?

Kalamu Bubu

MsomajiTu, hiyo ya siku 21 isahau. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96, utafiti ukachapishwa 2010. Kwa mtu wa katikati ilichukua kama siku 66 jambo lifanyike bila kujisukuma, lakini kati ya mtu na mtu waliona tofauti ya kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na walikuwa wanapima vitu kama kunywa maji au kufanya mazoezi kidogo ya mwili. Kuandika hadithi si kunywa maji. Kwa hiyo ukifika siku ya 40 bado unajivuta, huna tatizo lolote, bado uko njiani.

Kilichonifariji zaidi mle ndani ni kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga mazoea yaliyokuwa yanajengeka. Mimi ndiye niliyekuwa nalia nikikosa vema moja.

Kuhusu muda: usiuchague kwa saa, uchague kwa jambo linalotangulia. "Saa kumi na moja na nusu" inateleza. "Nikishapiga mswaki" haitelezi, maana mswaki utapiga tu. Mimi naandika alfajiri kabla simu sijaiwasha. Wewe ukirudi umechoka namna hiyo, usijidanganye na usiku. Jaribu kabla ya kazi, hata dakika ishirini.

Mfalme wa mambo haya ni Anthony Trollope, yule Mwingereza wa karne ya 19. Alikuwa mtumishi wa posta miaka mingi, na aliacha riwaya 47. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake mbele yake, anajidai maneno 250 kila dakika 15. Alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka kazi yake kumwamsha tu. Watu wakisimulia habari zake huishia kwenye hayo maneno 250, wanaruka jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi: nusu saa ya kwanza alikuwa haandiki, anasoma alichoandika jana. Anaingia kwanza ndani ya nyumba ndipo anaanza kuhamisha vyombo.

Wino Mkavu

Mleta uzi nakuheshimu lakini hapa naomba nipinge. Hii dini ya "kila siku" imewaumiza watu wengi. Mimi naandika kwa vipindi. Naandika Ijumaa jioni hadi Jumapili, katikati ya wiki siandiki hata ujumbe mrefu. Nina vitabu vinne sokoni. Rafiki yangu aliyekuwa akiandika kila siku kama anadaiwa sasa hivi hataki hata kusoma.

Na ile changamoto ya Novemba ya kuandika riwaya, NaNoWriMo, maneno 50,000 kwa mwezi, niliimaliza mara mbili. Ni maneno 1,667 kwa siku. Unajua zile rasimu mbili ziko wapi? Hata mimi sijui. Changamoto yenyewe ilianzishwa 1999, ikafungwa 2025, na sikulia.

Kalamu Bubu

Wino Mkavu, umenigusa pabaya na una haki. Mwenye vitabu vinne vilivyoisha simfundishi kuandika. Kama Ijumaa hadi Jumapili inakufikisha mwisho wa kitabu, hayo ndiyo mazoea yako.

Ninachoogopa mimi ni pengo. Nikikaa siku tano bila kuigusa hadithi, siku ya sita natumia saa nzima kukumbuka nani anajua nini na nani hajaambiwa. Wewe pengine una kumbukumbu ya tembo. Mimi mhusika akikaa peke yake siku tatu ananinunia.

Kuhusu hiyo ya Novemba tuko pamoja. Ilikuwa nzuri kumwonyesha mtu kwamba maneno 50,000 yanaandikika. Ila ilimpa tuzo kwa kufika namba, na hadithi haiishi kwenye namba.

Karatasi Saba

Mimi tatizo langu si muda. Nakaa, nafungua, natazama ule mstari unaopepesa kwenye kioo nusu saa nzima. Hayo mia tatu yanatoka wapi?

Kalamu Bubu

Karatasi Saba, hii ndiyo sehemu ninayoipenda, ngoja nikuonyeshe ya leo leo.

Jana nilipofikisha tukio karibu na mwisho niliandika hivi: *Alipofunua kasha la marehemu mama yake, kilichomgusa kwanza hazikuwa zile barua, bali* ... nikafunga kompyuta. Hapo hapo, katikati ya sentensi. Neno linalofuata nilikuwa nalijua, ni "harufu". Makusudi sikuliandika.

Leo nimekaa, hata macho hayajafunguka sawasawa, vidole vimeandika vyenyewe: *harufu ya sabuni, ile ile aliyokuwa akiogea baba kila alipotoka safari.* Sasa tazama. Harufu nilikuwa nayo tangu jana. Sabuni sikuwa nayo. Nilikuwa sijui kabisa kwamba yule mama, ambaye kitabu kizima amekuwa akimlaani mumewe, alimwekea sabuni yake kwenye kasha miaka yote hiyo. Imebidi nisimame nitembee kidogo chumbani. Halafu nimeandika maneno 540 bila kuinua kichwa.

Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, aliwahi kusema kwenye mahojiano kwamba huandika hadi afike mahali ambapo bado ana nguvu na anajua kitakachofuata, ndipo huacha. Nilipokuwa nafukuzia elfu moja nilikuwa nafanya kinyume: naandika hadi nikauke kabisa. Kesho yake nakuta kisima kikavu halafu nasema nimekosa msukumo.

Kwa hiyo leo usitafute mia tatu. Andika sentensi moja ya mtu anayefanya jambo ambalo hatakiwi kulifanya, halafu andika ya pili. Ukifika mahali pamenoga, kata.

Bi Mkunjo

Naomba niingie upande wa hesabu maana naona mmelewa sabuni.

Kwa kasi ya mleta uzi, maneno 300 kwa siku 6 za wiki ni 1,800. Novela ya maneno 30,000 inachukua wiki 17 hivi. Weka wiki 6 za kuhariri, jalada na maandalizi. Ni wiki 23, maana yake vitabu viwili kwa mwaka na wiki chache za kupumua. Haya ni makadirio ya mtu mwenye kazi nyingine, na ni mazuri sana.

Sasa mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa. Nitumie KDP ya Amazon, huduma yao ya kujichapishia vitabu, kwa mfano kwa sababu kanuni zake zinajulikana. Kitabu pepe chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kukulipa asilimia 70, ikitolewa ada ndogo ya ukubwa wa faili, na ni kwa wanunuzi wa nchi zilizo kwenye orodha yao. Nje ya bei hizo, au nje ya nchi hizo, ni asilimia 35. Kwa hiyo ukiuza kwa dola 2.99 unabaki na kama dola 2 hivi kwa nakala. Ukiuza kwa senti 99 unapata kama senti 35. Unatakiwa kuuza nakala karibu sita za senti 99 upate sawa na moja ya 2.99. Wageni wengi wanaweka bei ya chini kwa woga halafu wanasema kuandika hakulipi.

Hela haiji kesho yake pia. Mauzo ya Januari unalipwa mwishoni mwa Machi. Na kama wewe si raia wala mkazi wa Marekani, utajaza fomu ya kodi. Nchi yako ikiwa haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani hukatwa kabla haujakufikia. Lijueni hilo mapema, msije mkadhani mmeibiwa.

MsomajiTu

Bi Mkunjo shikamoo. Na ile Kindle Unlimited ya kulipwa kwa kurasa?

Bi Mkunjo

Marahaba. Pale msomaji analipa kiingilio cha mwezi, anasoma anachotaka. Mwandishi analipwa kutokana na mfuko wa pamoja, kulingana na kurasa zilizosomwa. Mfumo huo wa kurasa ulianza Julai 2015. Mwanzoni walikuwa wanalipa kwa kila kitabu kilichofunguliwa na kusomwa asilimia 10, watu wakaandika vitabu vyembamba kama tiketi ya basi ili asilimia 10 ifike haraka. Sasa msomaji akiishia ukurasa wa 12 unalipwa kurasa 12. Hapo ndipo habari ya kumaliza inapokuwa ya kweli hata kwa msomaji: kama hamalizi yeye, hulipwi wewe.

Sharti lake ni kwamba kile kitabu pepe kisipatikane mahali pengine popote kwa siku 90, na mkataba unajihuisha wenyewe usipoondoa alama ya kuuhuisha. Mahali pengine ni pamoja na bure. Ukiwa umezitundika sura zake mtandaoni wakati unaandika, zishushe kwanza. Toleo la karatasi halimo kwenye katazo hilo, liuze utakako.

Ushauri wangu mmoja zaidi halafu nirudi jikoni: andikeni mfululizo. Kitabu kimoja kinajiuza mara moja. Vitatu vyenye mhusika yule yule vinauziana vyenyewe.

Mzee wa Rasimu

Vijana, nyote mnasema kuandika, kuandika. Kuhariri mtahariri lini?

Kitabu changu cha kwanza nilikimaliza usiku wa manane na asubuhi yake kikawa sokoni. Nilikuwa na raha kama bwana harusi. Wiki ya pili akaja msomaji, nyota moja, maneno machache tu: "Zuhura alikufa lini?" Nikarudi kusoma. Mhusika wangu mkuu anaitwa Zuhura sura ya kwanza hadi ya tisa. Kuanzia ya kumi anaitwa Zaituni. Nilikuwa nimesafiri wiki mbili kati ya sura hizo, nikarudi na jina jingine kichwani. Mume anamwoa Zuhura, anazaa na Zaituni, na hakuna aliyeshtuka humo ndani ya kitabu!

Nilikirekebisha, lakini ile nyota moja ipo hadi leo.

Sasa hivi zamu yangu ya kila siku ikifika na rasimu imeisha, nakaa kiti kile kile, saa ile ile, nahariri kurasa tano. Sianzi kitabu kipya hadi hicho kiondoke mezani. Naisoma kwa sauti, ulimi unajikwaa pale ambapo jicho linapita. Na nina karatasi moja pembeni: majina, umri, nani ana kovu upande gani.

Kalamu Bubu

Mzee, shikamoo. Hii ningetakiwa kuiweka kwenye bandiko la kwanza. Siku ya kuhariri inastahili vema sawasawa na siku ya kuandika. Mimi niliwahi kujiibia hapo: nikiwa nahariri nilijiona siandiki, nikawa naanza hadithi ya pembeni "ili nisipoteze mazoea". Ndivyo baadhi ya yale mafaili kumi na moja yalivyozaliwa.

(Zuhura na Zaituni nimecheka hadi nimeamsha watu.)

Mkato Mfupi

Mnajitesa bure. Siku hizi kuna programu za akili mnemba, unaipa wazo inakutolea riwaya ukiwa unanawa uso. Badala ya viwili kwa mwaka unatoa viwili kwa siku.

Bi Mkunjo

Mkato Mfupi, hujachelewa, umekuja kukuta wamejaa. Ndiyo maana Septemba 2023 KDP waliweka kikomo cha vitabu vitatu vipya kwa siku kwa mtu mmoja, na ukipakia unaulizwa kama maandishi yametengenezwa na mashine. Soko la vitabu visivyosomwa limefurika. Ukilipwa kwa kurasa na msomaji anakimbia ukurasa wa nne, hata ukitoa mia moja umelipwa nini?

Kalamu Bubu

Mimi nitaongeza kidogo tu. Ile sabuni ya kwenye kasha. Niliipata kwa sababu nilikuwa nimeishi na yule mama miezi mitatu. Mashine ingenipa barua, maana kila kasha la marehemu lina barua.

Wino Mkavu

Lakini tuseme ukweli kuhusu hela. Mleta uzi, umepata ngapi? Maana watu humu watasoma waache kazi.

Kalamu Bubu

Swali la haki. Kitabu cha kwanza, mwezi wa kwanza: nakala 9. Nne kati ya hizo nawafahamu walionunua. Mwezi wa pili 3. Mwezi wa tatu hakuna hata moja, na hapo ndipo nilipokuwa katikati ya cha pili, natamani kuacha. Cha pili kilipotoka, cha kwanza kikaanza kuuzika tena. Cha tatu kilipotoka ndipo nikaona hela yenye umbo. Sasa hivi vinalipa huduma ya intaneti, mhariri, na jalada la kitabu kinachofuata, na kinabaki kidogo. Mshahara sijauacha na simshauri mtu auache.

Kuna watakaonitajia Andy Weir, mwandishi wa riwaya ya The Martian, aliyekuwa akitundika sura zake mtandaoni bure, akaja kuuza kwa senti 99 mwaka 2011 wasomaji walipomwomba, hatimaye mchapishaji mkubwa na filamu. Kweli ilitokea. Ila kabla ya hapo alikuwa ameandika miaka mingi na kukosa wa kumchapisha. Alipokuja kupigiwa simu alikuwa na kitu kilichoisha cha kuwapa.

Cha kwangu cha nne kiko sura ya kumi na saba. Ndicho chenye kasha.

Karatasi Saba

Nimerudi. Nimeandika maneno 112. Najua si mia tatu.

Ni mzee mmoja anagonga mlango wa nyumba aliyoiuza mwenyewe miaka kumi iliyopita. Usiku, mvua. Mwenye nyumba anashuka ngazi na taa mkononi. Nimekata hapo, kitasa kimeshaanza kuzunguka, kama ulivyosema. Sasa nimelala chali sipati usingizi, nataka kujua huyo mzee amefuata nini.

Niamke nimfungulie?

Kalamu Bubu

Usimfungulie. Mwache anyeshewe hadi asubuhi.